Mkeka wa Kuchagulia Picha

Kwetu Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, picha za harusi huchaguliwa juu ya mkeka. Sufuria zikisharudishwa kwa wenyewe na viti vya kukodi vikishapakiwa kwenye mkokoteni, mimi hufika nyumbani kwa familia na bahasha ya vipicha vidogo. Mkeka hutandikwa uani, nami huvipanga kimoja kimoja, nyuso zikitazama juu. Watu hukaa pembeni. Anayetaka picha huinyanyua na kuwaonyesha wote, nami huandika nyuma yake kwa penseli jina la aliyeinyanyua na ukubwa anaoutaka. Isiyotakiwa hulazwa kifudifudi. Na kuna sharti moja ambalo sijui nani alilianzisha: hakuna anayejinyanyua mwenyewe kwanza. Unaanza na mwenzako, hasa aliye mkubwa kwako. Shangazi anamnyanyua bibi, bibi anamnyanyua mkwe, mkwe anamnyanyua wifi, na ukishanyanyuliwa na mtu ndipo unaruhusiwa kutafuta pale ulipotokea na kiuno chembamba.

Mkeka huo umenilisha tangu nilipoanza kushika kamera, na sijawahi kuona picha ya mzee ikibaki peke yake mpaka mwisho. Wamama wa hapa wanaweza kununiana mwezi mzima kwa sababu ya fungu la ndakala, dagaa wetu wa ziwani, lakini kwenye mkeka wana macho. Wanaona nani hajanyanyuliwa bado, na mkono wa mmoja wao unakwenda.

Tatizo lilikuwa wale wasiokuwapo. Siku hizi familia ya Kalemie haikai yote Kalemie. Dada yuko Lubumbashi, shemeji yuko Kigoma, mtoto wa mama mdogo anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Bendera na hapewi ruhusa, mwingine yuko Ulaya na baridi yake. Wote wanataka picha, tena leo. Ukiwatumia kwa simu wanazipokea zikiwa zimefifia, wanazitupia kwenye kundi la familia, wanaandika "nzuri sana, Mama", na biashara imekwisha. Picha niliyoitafutia mwanga asubuhi nzima inageuka kitu cha kufutwa simu ikijaa. Hilo lilinikera, na hata sasa likinijia kichwani linanikera upya.

Nina binamu yangu Lubumbashi, naye ni mpiga picha. Siku moja alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada, weye ungali na mukeka? Watu wako na galeri ya mapicha kwa enternet. Muntu anafungua lien, anachagua, anakomande, njo imeisha!" Yaani mtu afungue kiungo, achague, aagize, ndiyo imekwisha. Akamalizia kwa kicheko, kile wanachotuchekea watu wa Lubumbashi wanapoongea na sisi wa ziwani. Nilimjibu kwamba mkeka umenijengea nyumba, na yeye mwenye enternet bado anapanga. Lakini siku hiyo hiyo nilikata shauri. Mimi nikikasirika hufanya kazi vizuri.

Nilichagua huduma ya galeri kama ninavyochagua kitenge. Mwenye duka anakuonyesha maua ya mbele. Wewe geuza nyuma uone kama rangi imepenya.

Huduma ya kwanza ilikuwa na maua mengi. Picha zilitembea zenyewe, zikipishana kwa madaha, na mega zangu zote za intaneti zikaisha kabla sijafika kwa bi harusi wa pili. Isitoshe, ilitaka kuchapa picha yenyewe, huko kwao mbali, na kuzituma kwa posta. Ikaniuliza namba ya posta ya Kalemie. Nikaandika "hakuna". Ikakataa. Nikaandika "karibu na gare ya treni, ulizia studio". Ikakataa tena, safari hii kwa maandishi mekundu, kana kwamba nimeitukana. Nikaifunga. Mashine ya kuchapa ninayo, wino wake naujua, na najua ngozi za watu wetu zinavyotakiwa kutoka. Sikuona sababu ya mtu anayekaa nyuma ya gare kusubiri sura yake ivuke bahari.

Huduma ya pili ilikuwa nyepesi, nikaipenda, nikaijaribu kwa picha za ubatizo. Kumbe, ili picha zisiibiwe, ilipiga mistari miwili minene iliyokatana juu ya kila picha, kutoka kona hadi kona, ikipita katikati ya uso. Mama anayeuza mikate mbele ya studio yangu alichungulia kwenye kompyuta, akajishika kifua.

"Mama, na huyu naye alikufa? Si nilimuona jana soko!"

Kwetu uso uliokatwa hivyo ni wa mtu aliyezikwa. Nilitafuta namna ya kuihamishia ile alama kona ya chini, sikuipata. Nikaifunga nayo, maana sikuwa tayari kuua ukoo mzima ndipo niwauzie picha.

Ya tatu ilikuwa na sura ya kawaida kabisa, haina madaha yoyote. Iliongea Kifaransa, ilifunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo, jina la studio lilikaa kona ya chini kwa adabu, na oda zilinifikia mimi nichape mwenyewe. Mteja asiye na kadi ya benki, yaani karibu wateja wangu wote, niliweza kumwandikia kwamba atalipa studio. Kuchagua nako kulikuwa rahisi: mtu anagusa kinyota juu ya picha, nyota inawaka. Niligeuza nyuma, nikaona rangi imepenya. Nikamwandikia binamu yangu: "Nimepata. Sasa cheka tena."

Harusi ya kwanza niliyoiweka humo ilikuwa ya msichana mmoja wa ng'ambo ya mto Lukuga, aliyelelewa na bibi yake. Bibi huyo alimtoa mji wa Nyunzu wakati wa mapigano, msichana akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, wakafika hapa na godoro na sufuria. Nyumba yao ya huko iliungua na kila kilichokuwa ukutani. Hapa Kalemie bibi aliuza unga wa muhogo sokoni, akalipa minerval, ada ya shule, mwaka baada ya mwaka mpaka mjukuu akamaliza. Sasa mjukuu alikuwa anaolewa na mfanyabiashara wa Kigoma, na Ijumaa iliyofuata harusi angepanda boti na mumewe kwenda Kigoma.

Asubuhi ya harusi, kabla sijafungua begi la kamera, bibi alinivuta nyuma ya jiko.

"Mama, mimi na huyu mutoto hatuna picha hata moya. Yote iliungua. Nataka aende na sura yangu kule. Nikikufa, watoto wake watajua aje kama kulikuwa muntu hapa?"

"Bibi, hiyo ni kazi yangu," nilimwambia. "Usihangaike."

Na sikuwa najisifu, maana niliipata. Msichana alikuwa amesimama uani akisubiri gari, shela imepinda. Bibi alitoka jikoni, alikokuwa akisonga bukari, ugali wa wageni, akaenda kuinyoosha. Mikono yake ilikuwa bado na unga mweupe mpaka kwenye viwiko. Msichana akainamisha kichwa, bibi akamwambia neno ambalo sikulisikia, nami nikabonyeza. Nilijua palepale kwamba nyingine zote za siku hiyo, za kanisani, za keki na za ukumbini, zingekuwa ni za kusindikiza hiyo tu.

Familia ilifurahi niliposema kwamba safari hii kuna galeri. Dada mkubwa wa bi harusi, mtoto wa baba yake mkubwa, aliyekuja kutoka Lubumbashi na miwani kubwa ya jua, alifurahi kuliko wote. "Enfin, Mama! Nani angali anakaa chini na gauni?" Tulikubaliana kwamba picha zitakazopata nyota ndizo zitakazoingia kwenye albamu, na albamu ipande boti na bi harusi. Nikawatumia kiungo na nenosiri. Dada mkubwa akarudi kwake Lubumbashi, na nyota zikaanza kuwaka.

Ziliwaka sana. Nilikaa mbele ya kompyuta na chai yangu nikiona kazi inavyokwenda yenyewe, nikaanza kumsamehe binamu yangu. Kisha nikaanza kuangalia ni picha zipi. Dada mkubwa alikuwa amejipa nyota akiingia kanisani, akitoka, akicheza, akinywa, na moja ambayo alikuwa anatafuna nyama na jicho moja limefumba. Shemeji mmoja anayefanya kazi Bendera, ambaye hakuwapo, aliwapa nyota watoto wake waliokuwapo. Bwana harusi alichagua gari. Msichana mwenyewe alichagua zile za yeye na mumewe, na sikumlaumu, bi harusi yeyote hujitafuta kwanza.

Ile ya shela haikuwa na nyota. Nikatafuta nyingine za bibi: bibi kanisani, bibi akikabidhi mjukuu, bibi mezani na wakwe. Zote zilikuwa na vinyota vitupu.

Hakuna aliyemchukia yule bibi. Walimpenda wote, na nimewaona wakimpigia magoti. Ila kila mmoja alikuwa peke yake na simu yake, kitandani au kwenye foleni, na hakuna aliyeona nani amebaki. Kwenye mkeka mkono ungekwenda bila kuambiwa.

Jumatano bibi akaja studio, anatoka sokoni, beseni la unga kichwani. Simu yake ni ile ya vitufe, haifungui galeri. Nilimsaidia kulishusha beseni, akakaa, akajipangusa jasho kwa ncha ya kitenge, akaangalia picha za watu wengine ukutani.

"Mama, mapicha ilishachaguliwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Nani alininyanyua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Wote, bibi, walikunyanyua wote. Ungetoka kwa urahisi, na jioni ningelala vizuri tu. Lakini alikuwa amenikazia macho, ametulia, kama mtu anayeuliza jambo analolijua jibu lake na anataka tu kulisikia.

"Bado," nikasema.

"Hata mutoto?"

"Bado, bibi."

Akatikisa kichwa polepole. Akafunga kitenge chake upya, ingawa hakikuwa kimelegea. "Bon," akasema. "Ni mambo ya vijana. Nisaidie kutwika."

Nikamtwika. Akavuka barabara akiwa amenyooka, na mimi nikabaki mlangoni nina uchungu hata nikamjibu vibaya mteja wa picha za pasipoti, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Ningeweza kuichapa ile picha na kuipachika kwenye albamu, ukurasa wa kwanza, na hakuna ambaye angelalamika. Nililifikiria nikalikataa. Bibi alikuwa anauliza nani. Picha iliyowekwa na mpiga picha ni ya mpiga picha, na mimi si mjukuu wake.

Nikarudi kwenye ile huduma na hasira zangu, nikafungua kila mlango wake. Nilifika mpaka kwenye kurasa ambazo nadhani hata waliozitengeneza hawazitembelei. Na huko chini nikakuta swichi moja imezimwa: kuonyesha majina ya wanaochagua. Nikaiwasha, nikajaribu kwa simu yangu na kwa kompyuta. Ukigusa nyota sasa, jina lako linatokea chini yake, na wengine wote wanaliona wakati huo huo. Juu yake kulikuwa na nyingine, ya kufunga galeri na kuifungua saa unayotaka. Nilicheka peke yangu. Mkeka ulikuwa umo humo ndani, umekunjwa. Tangu siku hiyo nimeitumia huduma hiyo kwa kila harusi, na swichi ile sijaizima hata mara moja.

Nikafuta nyota zote. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Kuchagua kunaanza upya kesho mchana, wote pamoja. Walio Kalemie, kwenye mkeka kwa bibi. Walio mbali, kwenye galeri, saa ile ile. Kila nyota itakuwa na jina. Hakuna kujinyanyua kwanza."

Simu ililia kabla sijaiweka chini. Alikuwa dada mkubwa wa Lubumbashi.

"Mama, lakini mimi nilishamaliza kuchagua!"

"Niliona. Ulijichagua mpaka pale unapotafuna."

"Wengine nao wataona?"

"Kuanzia kesho, ndiyo."

"Basi, Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Kesho mchana nitakuwako."

Alhamisi asubuhi umeme ukakatika nikiwa katikati ya kuchapa vipicha. Nikabeba mashine mpaka kwa kinyozi jirani mwenye jenereta, nikachapia pale katikati ya vichwa vinavyonyolewa, na mchana nilikuwa uani kwa bibi na bahasha yangu. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Niliweka kompyuta juu ya kigoda, galeri ikiwa wazi, na simu ya bwana harusi pembeni ikiwa na sauti za wale wa mbali. Kisha nikapanga vipicha. Ile ya shela niliiweka upande wa mwisho, karibu na miguu yangu, katikati ya picha za kawaida. Niliapa kutoisaidia.

Bibi alikuja kukaa kana kwamba anapita tu. Yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo yeye ndiye wa kuanza. Akaangalia mkeka, mkono ukazunguka, akamnyanyua bwana harusi.

"Huyu muntu anatwaa mutoto wangu," akasema. "Wacha nianze na yeye, asije akanirudishia huyu mutoto."

Uwanja mzima ukapasuka kicheko, na simu nayo ikacheka. Kisha watu wakaanza kutafuta kwa macho, kama ninavyowajua kwenye mkeka. Kwenye kompyuta nyota ikawaka juu ya picha ya bibi kanisani, na chini yake likatokea jina la dada mkubwa wa Lubumbashi. Ikafuata ya shemeji wa Bendera, bibi mezani. Walikuwa wanaonana sasa, na kila mmoja alikuwa na adabu zake zote.

Msichana alikuwa bado hajanyanyua kitu. Alipita picha kwa kidole kutoka juu, mstari kwa mstari, mpaka akafika karibu na miguu yangu. Kidole kikasimama.

"Hii sikuiona kwa simu."

"Ilikuwamo," nikamwambia. "Uliipita."

Akaichukua akaisogeza karibu na macho. "Ni pale alikuwa ananiambia nisilie," akasema, akalia palepale, hakujali poda wala wakwe. Halafu akasimama, akaiinua juu ya kichwa ili hata waliokuwa jikoni waione. "Namnyanyua bibi. Hii njo ya kwanza ya albamu. Ile ingine yote ifuate."

Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikasema: "Ule unga mikononi naweza kuufuta kwa kompyuta. Hautaonekana."

Alinigeukia kana kwamba nimesema nitaufuta mkono wenyewe. "Mama, usiiguse! Ule unga njo ulinisomesha."

Bibi akafunga kitenge chake upya. Watu wakaendelea, mikono ikaenda, nyota zikawaka, nami nikaandika mpaka ncha ya penseli ikawa butu. Wote walipokwisha kunyanyuliwa, wakaanza kujinyanyua wenyewe kwa kelele na kusukumana. Bwana harusi akapata gari lake.

Mkeka ulipokuwa karibu mtupu, bibi akaniita.

"Na mimi sasa naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa, bibi."

Akanyoosha mkono kwa mjukuu wake, akaitwaa ile ya shela kutoka mapajani mwake. Akaishika kwa mikono miwili, akatuonyesha sote mmoja mmoja, kisha akaigeuza akaionyesha kompyuta pia, watu wa Lubumbashi na wa Bendera wasije wakakosa.

"Najinyanyua," akasema. "Mimi njo huyu hapa."

Nikaipokea. Nyuma kulikuwa na jina la msichana, nikaandika la bibi chini yake.

"Ukubwa gani, bibi?"

"Ile kubwa kushinda zote," akasema. "Kuanzia kesho nyumba yangu itakuwa na nafasi."

Nikachonga penseli, nikaandika: kubwa.